Namba Kumi na Saba

Ufunguo nautunza mimi, Somoe Likwata,
mwajiriwa wa halmashauri, mkataba wa mwaka mmoja mmoja.
Saa mbili kamili nafungua makumbusho ya Newala:
vyumba viwili, bati linalolia jua likipanda,
na mchanga mwekundu usiolipa kiingilio.

Wa kwanza kumsalimu ni namba kumi na saba.
Namfuta kwa kipande cha kanga kuukuu:
paji la uso, chale za mashavuni,
mdomo wa juu uliobeba ndonya,
halafu nywele. Nywele ni za mtu,
zimegandishwa kwa nta ya nyuki.
Za nani, kitabu cha mapokezi hakisemi.
Lebo inasema: Kinyago. Mti, nywele, nta.
Utadhani ni mapishi.

Mwanamke kumshika lipiko!
Bibi yangu angeanguka palepale.
Kwake yeye huyu hakuchongwa,
alitoka makaburini, aliitwa kwa ngoma
siku wavulana waliporudi kutoka jandoni,
na mwanamke aliyeuliza "ni nani?"
alijiulizia msiba.

Wageni wangu huuliza mengine.
Wanafunzi: Usiku analala?
Mzungu aliyetoka kutazama Shimo la Mungu,
viatu vyake vyeupe vimekuwa vyekundu:
Ana thamani gani?
Ofisa kutoka Mtwara: Mwezi huu mmeingiza shilingi ngapi?
Nawajibu wote, mkono mmoja
juu ya kitabu cha stakabadhi.

Mama yangu, Bi Asumini, alikataa kuingia miaka minne.
Aliniletea ugali wa muhogo na kisamvu,
akauweka mfuko kizingitini,
akaketi nje, ameipa mgongo nyumba nzima
kama mtu anayemkwepa mkwewe.

Jumanne moja, korosho zimekwisha ghalani,
mvua ikamkuta pale pale.
Bati lote likawa ngoma.
Akaingia.

Sikusema kitu.
Akapita mitungi, akapita mtego wa panya,
akapita picha ya mmisionari mwenye ndevu,
akasimama. Maji yanamtiririka ushungini.
Nilidhani atatoka mbio.
Akainama, akachungulia chini ya meza.

"Miguu yake iko wapi?"

"Mama, huyu ni kichwa tu. Walileta kichwa."

Mama yangu, ambaye hata harusini
hucheka kwa kufunika mdomo,
alicheka mdomo wazi, mapengo yote nje.

"Huyu alinikimbiza toka kisimani.
Nikaacha kandambili, nikaacha na ndoo,
na wewe unajua maji ya huku yanavyotafutwa.
Nilipogeuka nikaona kidole cha mwisho,
mguu wa kushoto, hakina kucha.
Ah! Nampoto huyu, mwashi wa misheni."

"Kumbe mlijua?"

"Wanawake wote. Ulime na mtu,
uvuke naye matope ya masika,
halafu usiijue nyayo yake?"

"Sasa mbona mlikimbia?"

Akanitazama kama mimi ninavyowatazama wanafunzi.
"Tusingekimbia, angecheza na nani?"

Mvua ikapungua.
Akanipokonya kile kitambaa,
akamfuta nyuma ya sikio, mahali ambapo
miaka minne sijawahi kupafikia.
Akagusa zile nywele, kidogo tu.
Kisha akagusa ushungi wake mwenyewe,
akaurudisha vizuri kichwani,
na hapo nikajua kuna swali
ambalo hata mimi, mwenye ufunguo, siulizi.

Alipotoka alilipa kiingilio. Mia tano.
Akadai risiti.

Nilibaki na kitabu cha mapokezi.
Mstari wa kumi na saba, safu ya Maelezo,
tupu tangu nilipoajiriwa.
Nikachukua penseli, maana kalamu ni ya serikali
na haifutiki,
nikaandika:
Miguu haikuletwa.