Jaribio la Kumi na Mbili

Kabla ya msimu tuliandika, ghalani Tandahimba:
kazi itakubaliwa mkulima akipima korosho
na risiti ikasema kilo zilezile.

Tukajaribu sifuri. Tukajaribu herufi penye tarakimu,
gunia lisilo na mwenyewe,
umeme kukatika katikati ya hesabu.
Kumi na moja, yote kijani.

Siku ya kwanza ya kupima
akaja Somoe Nang'ondo.
Mashine ikafika Nang, ikazima.

"Tuiache hiyo ritifaa, mama," karani akasema.
"Nangondo anakaa Kitama,
na ana deni la salfa.
Mimi si yeye."

Usiku nikaongeza sharti:
mtu atoke mizanini na jina lake zima.

Nikaliendesha. Jekundu.
Ndipo kazi ikaanza.