Mstari wa Tisa

Barua mbili juu ya meza ya jikoni, kati ya chumvi na bili ya umeme.
Ya kwanza nzito, karatasi inateleza, nembo ya dhahabu:
chuo cha wanafunzi elfu arobaini, na uwanja wa mpira
unaoweza kumeza mji wetu wote pamoja na ng'ombe wake.
Ya pili imeandikwa kwa mkono, wino umevuja pembeni:
"Binti Ranta, hesabu yako ya daraja ina kosa mstari wa tisa.
Kosa zuri. Njoo tulijadili."

Baba, fundi wa pampu kwenye maghala ya mahindi,
aliisoma mara tatu, akavua miwani.
"Huyu," akasema, "amefika mstari wa tisa."

Tulikwenda Februari, kaskazini kabisa ya Michigan,
theluji imepanda hadi madirishani.
Aliyetutembeza ni Tauno, mwaka wa tatu,
sikio limebabuka kwa baridi, mkono wa koti una grisi.
Mama aliuliza habari za maktaba;
yeye akatuonyesha mashine ya kuchonga chuma
kama mtu anavyomfunulia mgeni mtoto mchanga.
Nikauliza, "Na jioni mnafanya nini?"
Akafikiri sana.
"Kuna theluji," akasema.

Nikachagua. Wala si kwa busara.
Nilichagua kama mtu achaguavyo kiatu: kwa kidole gumba.

Sasa sikia yasiyochapwa kwenye vipeperushi.
Hapa hakuna pa kujificha. Darasani tuko kumi na wanne;
ukikosekana, kiti chako kinapiga kelele.
Dakta Ouellette aligonga mlango wangu bwenini saa tatu asubuhi,
barafu kwenye ndevu, mkononi karatasi yangu ya mtihani:
thelathini na moja kwa mia.
Hakunipa pole. Alinipa kalamu.

Kijana niliyeachana naye Oktoba
ni mwenzangu wa maabara mpaka Mei.
Tunapima joto la mvuke, joto jingine hatuligusi.
Wasichana wa mwaka wetu tuko sita, twajuana kwa vikohozi.
Jumatano ni supu ya vitunguu.
Alhamisi ni supu ya Jumatano.

Lakini nina ufunguo.
Wiki ya pili tu, bila kutia sahihi popote,
Bibi Lempi wa stoo alinirushia ufunguo wa karakana
kama arushaye tufaha.
Nimechomelea vyuma usiku wa manane, peke yangu,
mji umezimika wote, cheche zikirukia buti zangu,
nikajisikia tajiri.

Machi tuliunda mtumbwi wa zege.
Ndiyo, zege. Ndiyo, mtumbwi.
Kila chuo huja na wake, vikashindana ziwani.
Siku arobaini tuliupiga msasa, vumbi hadi kwenye kope,
tukibishania changarawe kama warithi wanaobishania shamba.
Mei, barafu ilipoliachia ziwa, tukaushusha.
Wale wa chuo kikubwa walikuja na basi na sare na kocha.
Wetu ulikwenda mita mia na ishirini,
ukapasuka pale pale niliposema utapasuka.
Tuliogelea hadi ufukoni, meno yakigongana,
Tauno akicheka na kumeza maji,
na Dakta Ouellette, maji magotini, suruali yake ya kanisani,
akiokota vipande na kuvigeuza juani:
"Tazameni. Ufa ulianzia hapa."
Hakuna aliyewatazama washindi wakipewa kikombe.

Baba hupiga simu Jumapili. Haulizi alama.
Huuliza, "Bado wanafika mstari wa tisa?"
Nyuma yake nasikia pampu, sauti yake si nzima:
beringi, nadhani, ya upande wa kushoto.
Namwambia.
Kimya.
Kisha nyayo zake, zikienda kuangalia.