Kesho ya Montreal

Nilipokwambia natafuta makaroni, Mwanakheri,
ulicheka simu ikakuponyoka:
"Umevuka bahari yote hiyo kufuata tambi?"

Si tambi, dada. Ni vidude vya lozi,
viwili viwili, vimefumbatana krimu.
Za karibu na stesheni zilikuwa kijani cha rangi ya mlango,
tamu hadi jino likashtuka
kabla ulimi haujaulizwa.
Za hotelini, ganda na uwazi ndani,
kama salamu ya mtu anayetazama saa.

Leo Jumamosi, theluji hadi kwenye vifundo,
nimeona kioo kimejaa mvuke
na bibi mmoja, Ghislaine,
unga umempanda mpaka kwenye nyusi.
Amenipangia kumi na mbili,
amefunga kamba, kisha ameishikilia:
"Za leo hizi. Usile. Ziache zilale, zijuane.
Kesho."

Nimeahidi.
Nimezificha nyuma ya maziwa.

Lakini hapa, dada, jua huzama saa kumi na robo,
na sisi tumelelewa hivi:
jua likizama, usiku ni wa siku inayokuja.
Saa kumi na nusu ilikuwa tayari usiku wa Jumapili.
Nani kavunja ahadi?

Ganda limelia kidogo, kama barafu ya dimbwi,
kisha ulaini, kisha waridi,
kisha, subiri,
iliki.
Iliki, kwa Ghislaine!
Nimekaa chini, koti bado mwilini.

Sita zilikuwa zako.
Zimebaki mbili.
Usiniulize hesabu.