Pampu ya Dola Thelathini na Tisa

Sufuria hii ina masikio mawili,
na kila sikio lilikuwa na mtu wake:
la upande wa dirisha langu, la mlangoni la Einar.
Tulihesabu hadi tatu, tukanyanyua
lita arobaini za maji ya kimea, yanafuka,
miaka kumi na saba, Jumamosi kwa Jumamosi,
tukalaumiana tu pale yalipomwagikia viatu.

Oktoba Einar alimfuata bintiye Arizona,
kwenye jua linalohurumia magoti.
Mimi nikabaki Duluth,
theluji imepanda hadi kidirisha cha gereji,
na sikio moja halina mkono.

Nikaenda kwa Pruitt.
Akanionyesha kwanza ile kubwa,
kichwa cha chuma cha pua, inang'aa,
bei yake ni mafuta ya kupasha nyumba yangu wiki tatu.
Bwana Pruitt, nikamwambia, mimi napika bia,
sizimi moto wa mji.

Akainama hadi rafu ya chini kabisa.
Kidude cheusi, kimeenea kiganjani.
Mota huku, panga kule, katikati ukuta;
sumaku inaita, sumaku inaitika,
zinazungushana pasipo kugusana.
Nikafikiria simu za Jumapili, za kutoka Arizona.
Sikusema kitu.

"Inahimili mchemko?"
Akavaa miwani, akasoma boksi kama hakimu asomavyo wasia.
"Inahimili. Lakini haijui kuvuta, mama,
inajua kusukuma tu.
Ikae chini ya sufuria, maji yaifuate yenyewe.
Ukiiwasha tupu, itajitafuna.
Na ukitaka mwendo wa taratibu
bana koki ya kutokea, usibane ya kuingilia:
mwenye kiu hazibwi mdomo."

Thelathini na tisa. Nikalipa.
Nikadhani nimemaliza.

Kumbe pampu ni mahari tu, harusi yenyewe ni viungio!
Nipeli, nati, vibanio, mpira wa silikoni futi kumi
(ule wa bei poa hulegea kama tambi ukipata moto),
kiwiko kimoja cha chuma cha pua dola tisa.
Dola tisa!
Mimi vyangu viwili nilipewa bure,
na vyote vinauma.
Vya shaba vilikuwa nusu ya bei. Nikavishika, nikavirudisha;
shaba nyingine huchanganywa na risasi,
na mimi ninachokipika nakinywa.
Nikatoka dukani na kila kitu isipokuwa koki.
Pesa ilikataa kufika kwenye koki.

Jumanne posta wakaleta soksi.
Soksi ya sufu, ya kijivu, imefungwa fundo,
ndani yake koki ya nusu inchi
aliyoing'oa kwenye sufuria lake kabla ya kuliuza.
Hakuna barua. Einar na kalamu hawajuani.
Nyuzi zimelika kidogo;
nikazungusha tepu nyeupe mara tano, kufuata saa,
nikakaza mpaka spana ikaguna.

Leo Jumamosi.
Pampu iko chini, juu ya tofali,
koki nimefungua, nimengoja hewa itoke:
povu, povu, kimya.
Simu nimeisimamisha juu ya gunia la shayiri.
"Umeiweka chini?"
"Nimeiweka chini."
"Haya. Moja, mbili..."
Sikungoja tatu. Nikabonyeza.

Inalia kama paka aliyeshiba.
Maji ya kimea yakapanda mpirani, rangi ya asali,
yakapita kiwiko cha dola tisa bila hata kusalimu,
yakaingia kwenye pipa.
Mikono yangu imening'inia, haina kazi,
sikujua niitie wapi.
Nikaitia mfukoni.

Kiungio cha koki kinavuja, lakini.
Tone moja, nahesabu hadi ishirini, tone jingine.
Einar anauliza kama yote yako kavu.
Kavu, nasema,
na kwa mguu nasogeza kikombe chini ya tone.
Baadaye nimeonja.
Tamu.