Robo Tatu ya Inchi

Brandon, Manitoba, mwezi wa kwanza,
nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri,
na sisi wawili tumelala chini ya Ford ya sitini na sita
kama watu waliodondosha pete.
Orville Penner ameuma tochi kwa meno.
Mimi nina spana, na kucha moja nyeusi.

Injini ya zamani, silinda sita mstari mmoja,
tumeiegemeza ukutani, turubai begani,
kama mgeni anayesubiri teksi.
Mpya si mpya: silinda nane, nne kwa nne,
tuliitoa kwenye gari lililogonga kulungu njia ya Souris.

Iliingia. Hapo ndipo tulipopumbazika:
iliingia vizuri mno.
Bolti zilikubali, mipira ikapokea uzito,
feni ikaacha nafasi ya kidole mbele ya rejeta,
kidole changu, si cha Orville.

Kisha nikakanyaga klachi.
Pedeli ilishuka nusu, ikagoma,
ikasaga kama mtu aliyetafuna wali wenye mchanga.

Mkono wa klachi, ule mtaimbo mfupi ulalao
kati ya chesi na injini,
upokeao neno la mguu na kulifikisha kwa giaboksi,
ulikuwa umekwenda upogo:
ncha moja nyuma, ncha moja mbele,
kama wabeba kabati ngazini,
kila mmoja akiapa mwenzake ndiye mwenye haraka.

Siku ya kwanza tulilaumu fimbo.
Tukaikata, tukaikunja, tukaichomelea.
Siku ya pili, springi.
Siku ya tatu tulilaumiana.
Orville ni mkulima wa kanola: kungoja anajua,
kunyamaza hajui.

Siku ya nne nikafunga nati kwenye uzi, nikaining'iniza.
Gereji ya amu yangu, Changamwe, sikuruhusiwa spana.
Niliruhusiwa kushika timazi.
Miaka saba nilishika uzi
wanaume wakibishana juu ya kichwa changu.

Uzi ukatulia. Ukasema: robo tatu ya inchi.
Injini haikupinda. Haikuinama.
Imenyooka kama msumari,
imenyooka mahali pasipo pake.

Nikakwangua chesi kwa bisibisi.
Masizi. Grisi. Matope ya mavuno
ya miaka ambayo sikuwa nimezaliwa.
Na chini yake, matundu:
mawili kulia, mawili kushoto,
nyuma kidogo ya yale tuliyoyatumia.
Kiwanda kiliyatoboa, kikaondoka bila kuaga.
Orville aliyatazama sana,
akasema neno la Kijerumani cha bibi yake.
Hakulitafsiri, nami sikuuliza.

Jeki. Mnyororo. Bolti nje, bolti ndani.
Lile lichuma likarudi taratibu,
ng'ombe anayeingizwa zizini kinyumenyume.
Feni ikapata vidole viwili. Vya Orville.

Bado kigololi cha kuegemea mkono:
ile sita ilikuwa na tundu la kukifungia,
nane haina.
Nikakata diski ya haro iliyokuwa ikiziba dirisha,
nikaikunja, nikatoboa, nikachomelea kishikizo.
Kibaya. Ukikiona utacheka.
Kimekaa.

"Kanyaga," nikamwambia.
Akakanyaga kwa buti la theluji.
Pedeli ilishuka yote, kimya,
mkono ukageuka,
uma wa klachi ukasogea mbele ya macho yangu
kama kope.
"Tena."
Akakanyaga tena.
Moto hakuna; betri iko jikoni kwake, inaota joto.
Gari halijaenda popote na usiku huu haliendi.
Akakanyaga tena, sasa bila kuambiwa,
na tena,
nami huku chini, mgongo umeganda kwenye sakafu,
nimeshika uzi,
nimesahau kuuachia.