Sindano ya Kumi na Mbili
Dundee, Februari 1926

Kumi na mbili zilipanda wodini Jumatatu.
Nilizihesabu mimi, kwa koleo, juu ya kitambaa cheusi,
kila moja ndogo kuliko njiti ya kiberiti.
Alhamisi zikashuka kumi na moja.
Nikahesabu tena. Nikahesabu kwa sauti.
Hesabu haina huruma na msichana wa miaka kumi na tisa.

Daktari Lorimer hakunigombeza.
Alivua saa yake, akaitia mfukoni mwangu,
akachukua kile kisanduku chenye ujani wa dhahabu ndani,
ujani usimamao wima, ukalegea mbele ya radiamu
kama kichwa cha mtu anayesinzia kanisani,
tukashuka kwa ngazi za nyuma.

Sindano ile moja ilikuwa ghali kuliko paa la hospitali.
Mabwana wa bodi walishasema, wakikung'uta viko vyao:
Mwanamke, na radiamu? Ataipoteza
kama apotezavyo kifungo.
Kwa hiyo tulikwenda kimya.

Chumba cha dobi: mvuke, mashuka. Jani wima.
Pipa la maganda ya viazi: wima.
Kwenye tanuri jivu la jana lilikuwa bado vuguvugu.
Akapiga magoti na sketi yake ya kazi njema,
akalichekecha jivu kama unga wa wageni.

Jani likainama.

Koleo lilibaki juu. Nikasema, nikalilete.
"Mzoa majivu yuko mlangoni," akasema,
akaichukua kwa vidole,
vidole ambavyo tayari vilikuwa na nyufa
kama sabuni iliyosahauliwa dirishani.

Dawa ya moto ni moto, watu husema.
Hawasemi nani anaushika.

Sindano hiyo ilitoka mwilini mwa Nettie Cargill,
mfumaji wa magunia ya juti.
Mashine zilimla masikio
kabla saratani haijamwonja tumbo.
Alisema kwa midomo tu, bila sauti,
kama wanavyosema wote kule kiwandani,
na daktari alijifunza lugha hiyo
kitanda kwa kitanda, kutoka kwa wafumaji,
wengine wakifa katikati ya somo.

Mwaka wa nne Nettie alirudi kutuona,
mashavu yamejaa, kofia mpya, ya kijani, mbaya kupindukia.
Alitukuta ukumbini. Nilikuwa namfunga daktari koti,
kwa maana kidole cha shahada kilishakatwa,
na cha kati kilikuwa kinangoja zamu.
Vifungo sita. Vyote vipo.

Nettie akaitazama mikono ile kwa muda mrefu.
Midomo yake ikasema: Inauma?

Daktari akafikiri, kama afikirivyo mbele ya mgonjwa
asiyependa kudanganywa.
Usiku, ikajibu midomo yake. Kisha:
Hiyo kofia umeinunua wapi?