Ngoma Iliyopasuka

Wanasema ngoma ikivuma sana hupasuka.
Ni kweli, na kweli hiyo ndiyo inanilisha.
Kibanda changu kiko Kanyenye, nyuma ya wauza asali,
na kila Jumatatu, harusi zikishapita,
naletewa spika kama majeruhi:
koni imechanika, koili imeungua.
"Fundi, iamshe. Iwe na besi. Ipige kifua."
Hajaja bado wa kuniambia: fundi,
iimbe.

Nami nilikuwa na kiburi changu.
Nina kanda moja ya Kapaya,
aliyepiga gitaa kama mtu anayechambua mchele,
punje, punje, chuya pembeni.
Watu walisimama dirishani kwake
wakasahau walikuwa wanakwenda wapi.
Huo ndio muziki, nilisema.
Haya mengine ni mvua juu ya bati.

Harusi ya Nyamizi, Isevya, mwezi wa tisa,
joto limekaa chini ya turubai kama mgeni asiyeaga.
Spika sita, mbili nimezishona mwenyewe wiki ileile.
Kijana wa mitambo, anajiita Radi,
akasukuma kitufe hadi mwisho
na vifuniko vya sufuria vikaanza kutembea.
Nikamfuata: punguza, mahadhi yamezama!
Akanionyesha sikio lake, kwamba hasikii.
Hata mimi sikujisikia.

Ndipo nikamwona baba.
Mzee Mihayo, miaka thelathini na moja karakana ya reli,
nyundo juu ya chuma, chuma juu ya chuma,
hadi masikio yakafunga duka.
Kwenye harusi hukaa nyuma,
hucheka wengine wakicheka, amechelewa kidogo.
Siku hiyo alikuwa mbele.
Kiti chake cha plastiki amekiburuta hadi kwenye spika kubwa,
na kiganja chake, kile kilichopungukiwa kidole,
kimelala juu ya mbao zake
kama mtu anayempima mtoto homa.
Mguu unapiga.
Haukosei.
Tangu nikiwa darasa la tano
sijamwona baba na watu ndani ya wimbo mmoja.

Halafu umeme ukakatika.

Kimya kidogo, miguno, mtu anamtukana mtu wa jenereta,
na shangazi Kalunde, mwiko bado mkononi,
akaanza wimbo wa zamani, polepole,
wanawake wa jikoni wakaupokea kwa chini,
na sauti ikapita katikati yetu kama maji kwenye majani.
Radi alivua kofia.
Bibi harusi alilia vizuri, bila kuharibu wanja.
Nikataka kusema, mnaona? Mnaona sasa?

Nikageuka.
Baba alikuwa bado ameshika spika.
Aliigonga kidogo, akasubiri.
Akanitazama mimi, mimi fundi,
jinsi mwenye mgonjwa anavyomtazama daktari.
Watu wote wamepanda treni.
Yeye peke yake stesheni.

Novemba nilimpelekea spika chumbani kwake.
Nikaweka Kapaya.
Kiganja kikangoja juu ya mbao. "Hakuna kitu," alisema.
Nikaongeza besi. "Bado."
Nikaongeza hadi gitaa likafa,
hadi kikawa kishindo kitupu, kikombe kikihama mezani,
na jirani anagonga ukuta.
"Sasa," akasema baba. "Sasa anapiga."

Sijui nani alikuwa anapiga.
Mimi Kapaya sikumsikia tena.
Nilizima. Nikakunja waya.

Mvua ya kwanza ilianguka usiku uleule,
ile kubwa, isiyobisha hodi.
Baba alikuwa kitandani, mgongo kwangu.
Aliweka kiganja ukutani.
"Bati," akasema,
na mguu wake chini ya shuka
ukaanza.